Wilaya ya 20 ya Illinois ilikwenda wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilikuwa nasoma wasifu wa Seneta Dick Durbin wa Marekani. Umeandikwa kwamba kabla ya kwenda Seneti alikuwa mbunge wa wilaya ya 20 ya Illinois, 1983 hadi 1997. Nikatafuta ramani ya sasa nikakuta Illinois ina wilaya 17 tu, ya 20 haimo. Kwetu Tanzania tunasikia majimbo yanaongezwa, wenzetu yanapotelea wapi? Nani aliiua hiyo ya 20, na watu wake wanapigia kura wapi siku hizi? Halafu kuna mahali nimesoma kwamba ndicho kiti alichokalia Abraham Lincoln. Ni kweli? Na inaweza kurudi?

Jibu: Marahaba. Umenitumia maswali manne kwenye gunia moja, nami nitayatoa moja moja, ila si kwa mpangilio ulioyatia.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo wengi huteleza. Mtanzania akisema jimbo, anamaanisha eneo linalomchagua mbunge. Mkenya huliita eneo bunge. Tukifika Marekani neno jimbo tumeshalitumia kwa Illinois, Texas na wenzao, kwa hiyo kile kipande cha ndani kinachochagua mjumbe mmoja wa Baraza la Wawakilishi tunakosa pa kukiita. Nitasema wilaya, kama ulivyosema wewe, lakini usiifananishe na wilaya ya Kondoa au ya Rungwe. Hii haina mkuu wa wilaya, haina mahakama yake, wala ofisi ya ardhi. Ni mstari kwenye ramani, kazi yake kuhesabia kura za mtu mmoja, na kila baada ya sensa ya miaka kumi mstari huo hufutwa ukachorwa mwingine. Namba yake ni kama namba ya kiti kwenye basi. Basi la viti 20 likiondolewa barabarani likaja la viti 19, kiti namba 20 hakipo tena, lakini abiria wote wapo kituoni na kila mmoja atabanwa mahali.

Sasa kwa nini basi lilipungua viti? Hapa pana jambo ambalo kwetu hatulioni kwa urahisi. Tume ya Tanzania iliongeza majimbo 8 kwa ajili ya uchaguzi wa 2025, yakafika 272. Kenya ilitoka 210 ikaenda 290 chini ya Katiba ya 2010, na katika mapitio ya mipaka yaliyofuata, maeneo 27 yaliyokuwa na watu wachache kuliko kipimo yalikingwa na Katiba yasifutwe. Yaani sisi mtoto akizaliwa tunaongeza sahani. Wamarekani sahani zao ni 435 na hazijaongezeka tangu 1913, ukiacha miaka michache Alaska na Hawaii zilipoingia 1959, zikawa 437 kwa muda, kisha zikarudi 435. Zamani nao walikuwa wakiongeza. Baada ya sensa ya 1920 Bunge lao likashindwa kabisa kugawa viti upya, kwa sababu watu walikuwa wamehamia mijini na wabunge wa mashambani waliona wazi nini kitawapata. Muongo mzima ukapita hivyo hivyo. Sheria ya 1929 ndiyo iliyoweka utaratibu wa viti kugawanywa vyenyewe kila baada ya sensa, ndani ya idadi ileile.

Kwa hiyo jimbo linaweza kuongezeka watu na bado likapoteza kiti. Ndivyo ilivyotokea kwa Illinois. Sensa ya 1990 ilihesabu watu 11,430,602. Ya 2000 ikahesabu 12,419,293. Karibu watu milioni moja zaidi! Lakini Arizona, Florida, Georgia na Texas ziliongezeka kwa kasi kubwa zaidi, kila moja ikachukua viti viwili vipya, na vilipaswa kutoka kwa mtu.

Kama unapenda hesabu, chukua karatasi. Wanatumia kanuni iliyoanza kazi miaka ya 1940: kila jimbo hupewa kiti kimoja cha bure, halafu viti vilivyobaki hupigwa mnada. Ili kujua jimbo lina nguvu kiasi gani ya kudai kiti fulani, zidisha namba ya kiti hicho kwa namba iliyo kabla yake, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa idadi ya watu kwa jibu hilo. Illinois ilikuwa inadai kiti cha 20. Ishirini mara kumi na tisa ni 380, kipeuo chake cha pili ni 19.49. Watu wa kugawiwa viti, ukiweka na askari na watumishi wa serikali walioko ng'ambo, walikuwa 12,439,042. Gawa, utapata kama 638,000. Sasa North Carolina ilikuwa inadai kiti cha 13. Kumi na tatu mara kumi na mbili ni 156, kipeuo ni 12.49, watu ni 8,067,673, jibu ni karibu 646,000. North Carolina ikaipita Illinois, na kiti ilichochukua kilikuwa cha 435, cha mwisho kabisa. Utah ilikosa kiti hichohicho kwa watu wasiofika 900, ikaenda hadi Mahakama Kuu ya Marekani kulalamika, ikashindwa 2002.

Basi ukiniuliza nani aliiua wilaya ya 20, nitasema mwuaji wa kwanza ni kikokotoo, mwishoni mwa mwaka 2000, kabla mwanasiasa yeyote hajashika kalamu. Namba inayokufa siku zote ni ya mwisho, kwa sababu nyepesi tu kwamba wilaya 19 huhesabiwa moja hadi kumi na tisa.

Lakini kufa kwa namba na kufa kwa mbunge ni vitu viwili. Hapo kalamu ndipo zilipoingia.

Mwaka 2001 Illinois ilikuwa na wajumbe 20 katika Baraza la Wawakilishi, Warepublican 10 na Wademocrat 10. Viti vipya 19. Mmoja lazima aanguke. Bunge la jimbo lilikuwa limegawanyika, nyumba moja kwa chama hiki na nyingine kwa kile, hivyo hakuna aliyeweza kumlazimisha mwenzake. Ramani ikapikwa na wabunge wenyewe. Dennis Hastert, Mrepublican wa Illinois ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi, alikaa na William Lipinski, Mdemocrat wa Chicago, wakakubaliana ramani ya kuwalinda karibu wote waliokuwamo. Wa kutolewa kafara akawa Mdemocrat mmoja wa mashambani kusini, David Phelps, mwimbaji wa nyimbo za injili aliyekuwa na wilaya ya 19. Wenzake wa chama wa Chicago walitikisa vichwa kwa huzuni, wakasaini.

John Shimkus, Mrepublican aliyekuwa na ile ya 20, hakuwa na kwa kwenda ila kugombea hiyo 19 mpya. Uchaguzi wa 2002 ukawa wabunge wawili walio madarakani wanagombea kiti kimoja. Shimkus akapata takribani asilimia 55. Wilaya ya 20 ikafungwa rasmi Januari 2003 kwa mbunge wake wa mwisho kuhamia namba ya jirani na kumtoa mwenye nyumba.

Huyo Shimkus ana bahati yake. Sensa ya 2010 iliiacha Illinois na viti 18, namba 19 ikafa naye akiwa ndani yake, akahamia ya 15. Mpaka anastaafu mwanzoni mwa 2021 alikuwa amewakilisha namba tatu, 20, 19 na 15, na mji wake miaka yote hiyo ni uleule, Collinsville. Sensa ya 2020 ikaondoa na ya 18. Ndiyo sababu umekuta 17. Ukitazama nyuma, wakati wa kilele, kati ya 1913 na 1943, Illinois ilikuwa na wajumbe 27.

Sasa turudi mwanzo wa wilaya yenyewe, maana wasifu wa Durbin umekuonyesha mlango wa nyuma tu.

Namba 20 ilizaliwa na uchaguzi wa 1882, Illinois ilipofikisha viti 20 baada ya sensa ya 1880. Mbunge wake wa kwanza, John R. Thomas, alitoka Metropolis, mji ulio kwenye mto Ohio, ncha ya kusini kabisa ya jimbo, ng'ambo ya Kentucky. Ukitoka hapo kwenda Chicago unavuka Illinois nzima. Namba hiyo ikakaa huko kusini karibu miaka 20. Kisha ramani ya 1901 ikaibeba na kuitua magharibi, kwenye bonde la mto Illinois unaokwenda kuungana na Mississippi, nchi ya mahindi na nguruwe. Watu wa Metropolis wakaamka wana namba nyingine.

Hapo magharibi ndipo ilipopata mtu wake mkubwa wa kwanza, Henry Rainey, mwanasheria wa Carrollton. Aliingia 1903, Mdemocrat, akakaa hadi mafuriko ya Warepublican ya 1920, mwaka aliochaguliwa Rais Harding, ndipo Guy Shaw akamng'oa. Miaka miwili baadaye Rainey akakirudisha kiti chake. Machi 1933, siku chache baada ya Franklin Roosevelt kuapishwa, Rainey akachaguliwa Spika akiwa na miaka 72. Zile siku 100 za kwanza za Roosevelt, sheria zilipokuwa zikipita kama treni, aliyekuwa akigonga nyundo ya Spika ni mbunge wa wilaya ya 20 ya Illinois. Alifariki Agosti 19, 1934, siku moja kabla ya kutimiza miaka 74, na Roosevelt mwenyewe akaenda Carrollton kumzika.

Aliyemrithi, Scott Lucas wa mji mdogo unaoitwa Havana (ndiyo, Havana ya Illinois, sigara hazitengenezwi huko), naye akapanda. Akawa seneta 1939, na 1949 kiongozi wa walio wengi katika Seneti, hadi Everett Dirksen alipomwangusha 1950. Kwa wilaya ya mahindi, Spika mmoja na kiongozi mmoja wa Seneti si haba.

Kuna jambo linalonikera katika kipindi hiki, na vitabu vya wasifu hulipita kimya. Ile ramani ya 1901 haikuguswa kwa zaidi ya miaka 40. Wabunge wa mashambani waliolitawala bunge la jimbo walijua kwamba wakiigusa, Chicago itakula viti vyao. Illinois ilipopata viti viwili zaidi, badala ya kuchora wilaya mpya wakaamua wajumbe hao wawili wachaguliwe na jimbo zima, mradi mipaka isisogee. Kufikia miaka ya 1940 wilaya moja ya Illinois ilikuwa na watu 112,116 na nyingine 914,053, na kila moja ilikuwa na mbunge mmoja. Mwalimu wa chuo kikuu, Kenneth Colegrove, akaenda mahakamani na wenzake. Mwaka 1946 Mahakama Kuu ya Marekani ikamkatalia, na Jaji Felix Frankfurter akaonya kwamba mahakama zisijitose kwenye kichaka cha siasa. Ushindi wa Colegrove ulikuja kwa njia ya uani: bunge la Illinois liliona aibu, au liliogopa, likachora ramani mpya 1947. Mahakama ilijitosa kichakani 1962, na 1964 ikaamua kwamba wilaya za jimbo moja lazima ziwe na watu sawa kadiri inavyowezekana. Siku hizi tofauti ya watu wachache tu inaweza kukupeleka mahakamani. Bila hukumu hizo za miaka ya 60, huenda wilaya ya 20 ingebaki mpaka kufa kwake nyembamba kama sindano, mbunge wake akiwakilisha mashamba na mbwa.

Tuendelee. Kuanzia 1943 kiti kilikuwa cha Sid Simpson, Mrepublican wa Carrollton vilevile. Alifariki Oktoba 1958, siku chache kabla ya uchaguzi, chama kikamweka mkewe, Edna, kwenye karatasi ya kura. Hakufanya mkutano hata mmoja wa kampeni, akashinda. Akatumikia kipindi kimoja bila kusimama kuhutubia Bungeni, akarudi nyumbani. Sijui wabunge wangapi wa kwetu wangeweza kujizuia hivyo.

Baada yake ndipo akaja Paul Findley, mchapishaji wa gazeti la mji mdogo wa Pittsfield. Huyu alikaa miaka 22, 1961 hadi 1983, na bila yeye huwezi kumwelewa Durbin wako. Uchaguzi wake wa pili, 1962, ulikuwa kama ule wa Shimkus na Phelps miaka 40 kabla: Illinois ilikuwa imepoteza kiti, ramani ikamkutanisha na mbunge mwingine aliye madarakani, Mdemocrat Peter Mack wa wilaya ya 21. Mack alikuwa mtu wa kusimuliwa. Kati ya 1951 na 1952, akiwa mbunge, alizunguka dunia peke yake kwa ndege ndogo ya injini moja, akihubiri urafiki wa mataifa. Findley, ambaye hakuwa amerusha kitu chochote, alimshinda.

Findley alikuwa Mrepublican wa aina ambayo leo ni adimu. Mwaka 1965 alimpeleka Frank Mitchell, kijana mweusi wa miaka 15 kutoka Springfield, kuwa mtumishi wa kupeleka nyaraka ukumbini, kazi ambayo hakuna kijana mweusi aliyekuwa amepewa katika Baraza la Wawakilishi karne hiyo yote ya 20. Alikuwa miongoni mwa walioandika ile sheria ya 1973 ya kumbana rais asipeleke jeshi vitani bila Bunge. Halafu akaingia kwenye jambo lililomponza: Palestina. Alianza kukutana na Yasser Arafat mwishoni mwa miaka ya 70, wakati serikali yake mwenyewe ilikuwa imekataza hata kuzungumza na chama cha Arafat, akawa anasema hadharani kwamba Marekani izungumze nacho. Wafadhili waliokuwa wakiiunga mkono Israeli wakaamua aondoke, fedha zikaanza kumiminika kwa wapinzani wake.

Alinusurika 1980. Mwaka 1982 mambo manne yalimwangukia kwa pamoja. La kwanza ramani: Illinois ilikuwa imetoka viti 24 kwenda 22, bunge la jimbo likashindwa kukubaliana, na majaji wa mahakama ya shirikisho wakaichagua ramani iliyochorwa na Wademocrat. La pili Decatur, mji wa viwanda ulioingizwa kwenye wilaya yake na ramani hiyo. La tatu uchumi: ukosefu wa ajira Marekani ulivuka asilimia 10 mwaka huo, na mtu wa Decatur aliyefungiwa kiwanda hakuwa na hamu ya kusikia habari za chama cha Rais Reagan. La nne zile fedha.

Na mpinzani alikuwa Durbin, wakili wa Springfield wa miaka 37, aliyeshindwa mara mbili tayari, useneta wa jimbo 1976 na unaibu gavana 1978. Kura zilipohesabiwa, Durbin alikuwa na 100,758 na Findley 99,348. Tofauti ni 1,410. Katika kura laki mbili, hiyo ni kama kura saba katika kila elfu moja. Yaani katika chumba cha wapiga kura elfu, wanne wakibadili mawazo, Findley anarudi Bungeni.

Findley mwenyewe, mpaka alipofariki Agosti 2019 akiwa na miaka 98, aliamini ni msimamo wake juu ya Mashariki ya Kati uliomwangusha, na wanaoandika habari zake hulirudia hilo. Mimi nasema fedha zilisaidia, lakini anayepima kwa haki ataanza na ramani. Mpe Findley wilaya ile ya zamani bila Decatur, na kura 1,410 sidhani kama zingepatikana. Siwezi kulithibitisha, na wewe usilichukue kama msahafu. Ila tofauti ikiwa ndogo hivyo, kila sababu inaweza kusimama na kudai kwamba ndiyo yenyewe.

Durbin akakaa vipindi saba. Kitu anachokumbukwa nacho zaidi kutoka miaka hiyo ni moshi. Baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu, yeye akiwa na miaka 14. Mwaka 1987 aliwasilisha pendekezo la kupiga marufuku uvutaji sigara kwenye safari za ndege za ndani za saa mbili au pungufu. Uongozi wa pande zote mbili haukulitaka. Likapita kwa kura 198 dhidi ya 193, na baada ya miaka michache marufuku ikaenea karibu safari zote za ndani. Kama umezoea ndege isiyo na kisahani cha majivu kinachonuka kwenye mkono wa kiti, mizizi ya mazoea hayo ipo katika ile wilaya isiyokuwapo.

Alipoondoka kwenda Seneti, uchaguzi wa 1996 wa kumrithi ukawa wa roho mkononi tena. Shimkus, mtunza hazina wa kaunti ya Madison aliyekuwa ameshindwa na Durbin 1992, alipata 120,926, na Mdemocrat Jay Hoffman 119,688. Tofauti 1,238. Ona basi: kiti hicho kilihama chama mara mbili katika miaka yake 20 ya mwisho, na kura zilizokihamisha mara zote mbili, ukizijumlisha, hazijazi uwanja mdogo wa mpira.

Sasa Lincoln. Alikuwa mbunge kipindi kimoja tu, 1847 hadi 1849, na kwenye kumbukumbu wilaya yake ni ya 7. Illinois nzima ilikuwa na wilaya 7 wakati huo. Kwa hiyo kwa namba, jibu ni hapana. Kwa ardhi, inategemea unauliza mwaka gani. Nyumba ya Lincoln iko Springfield, na katika ile ramani ya 1901 Springfield ilikuwa wilaya ya 21, si ya 20. Rainey, pamoja na uspika wake, hakuwa mbunge wa mji wa Lincoln. Findley ndiye aliyefanya maneno hayo yashike. Springfield ilipokuwa ndani ya wilaya yake alijiona mrithi wa Lincoln, akaandika hata kitabu kuhusu miaka miwili ya Lincoln Bungeni, na ndiye aliyepeleka muswada wa kuifanya nyumba ile kuwa eneo la taifa la kihistoria, ambao Rais Nixon aliutia saini mjini Springfield Agosti 1971. Durbin na Shimkus wakaurithi msemo pamoja na kiti. Kwa hiyo uliposoma "kiti cha Lincoln" hukudanganywa, umesoma maneno ya kampeni tu.

Watu wa wilaya ya 20 wakaenda wapi? Mwaka 2003 walitawanywa. Springfield yenyewe iligawanywa kati ya wilaya tatu, ya 17, ya 18 na ya 19. Ile ya 17 ilikuwa na umbo la ajabu mno: ilitambaa kando ya Mississippi kisha ikanyoosha mkono mwembamba mpaka ndani ya Springfield na Decatur kuwachukua wapiga kura wa Democratic, mpaka watu wakaiita sungura aliyepanda ubao wa magurudumu. Jirani wa mtaa mmoja na wa mtaa wa pili wakawa na wabunge tofauti. Ramani ya sasa, iliyoanza na uchaguzi wa 2022, imeziweka Springfield na Decatur pamoja katika wilaya ya 13, utepe mrefu unaotoka Champaign hadi pembeni mwa St. Louis, na mbunge wake ni Mdemocrat Nikki Budzinski. Pittsfield ya Findley na Carrollton ya Rainey ziko wilaya ya 15, kwa Mrepublican Mary Miller. Huyo Miller naye aliipata wilaya hiyo mpya kwa kumshinda kwenye mchujo wa chama mbunge mwenzake, Rodney Davis, baada ya Illinois kupoteza kiti kingine. Unaona mchezo ni uleule.

Kuhusu kurudi, namba inaweza kurudi. Montana ilipoteza wilaya yake ya pili baada ya sensa ya 1990, ikaenda kushitaki hadi Mahakama Kuu, ikashindwa 1992, ikakaa miaka 30 na mbunge mmoja, kisha sensa ya 2020 ikaipa tena wa pili. Lakini Montana ilihitaji kiti kimoja. Illinois ingehitaji vitatu ili ifike 20, na sensa ya 2020 ilikuta watu wake wamepungua kidogo kuliko 2010. Hata zikija siku hizo, hakuna sheria inayosema namba 20 iwekwe Springfield au Carrollton. Inaweza kutua kwenye mtaa wa Chicago ambao haujawahi kumsikia Rainey.

Ukiendelea na wasifu wa wabunge wa Kimarekani, kila ukikuta namba ya wilaya andika pembeni na mwaka. "Wilaya ya 20 ya Illinois" ya 1885, ya 1933 na ya 1983 ni sehemu tatu, na ile ya kwanza na ya mwisho nadhani hazikugusana kabisa. Na kama unataka kumfuata Durbin zaidi, fanya hima: alitangaza Aprili 2025 kwamba hatagombea tena, kwa hiyo kiti cha Seneti alichokiendea 1996 kinapata mtu mwingine kwenye uchaguzi wa 2026.